Jasho la kupita kiasi katika baridi ya Nyanda za Juu Kusini: mwongozo kamili wa kulidhibiti kwa majani ya chai, shabu na utaratibu wa kila siku

Mwezi wa Julai watu wa Njombe hutembea wamejikunyata ndani ya makoti, na kule Makete umande huganda juu ya majani. Baridi ya namna hiyo ndiyo inayomfanya mtu anayetoka jasho jingi ajione wa ajabu. Dar es Salaam shati likilowa kwapani hakuna anayegeuka kutazama, maana kila mtu amelowa. Huku kwetu unaulizwa mbele za watu: "Baridi yote hii, wewe unalowaje?" Tena salamu yetu ni ya mkono, na mkono ukishikwa haurudishwi haraka, "Kamwene" ikishasemwa zinafuata habari za nyumbani, za watoto na za shamba. Mwenye viganja vya maji hujifunza kukwepa. Anajifanya amebeba mzigo, anasalimia kwa mbali, anakaa benchi la mwisho kanisani. Wapo wanafunzi wanaotandika leso chini ya mkono ili karatasi ya mtihani isilowe.

Nawaandikia hao, na wazazi wao. Kwa maoni yangu tiba za asili zinazosaidia kweli ni chache, na nyingi kati ya hizo zimo tayari jikoni mwa nyumba za Rungwe, Mufindi na Njombe. Zinasaidia pale mtu anapojua kwanza jasho lake ni la aina gani, kisha akalifuatilia kwa utaratibu bila kuruka siku. Anayekimbilia dawa kabla ya kujua aina ya jasho lake anaweza kuloweka miguu miezi mitatu huku kifua kikuu kinaendelea kumla.

Hatua ya kwanza: tambua jasho lako

Mwili wa binadamu una tezi za jasho kati ya milioni 2 na milioni 4. Nyingi hutoa maji yenye chumvi kidogo, na kazi yake ni kupoza mwili. Zimejaa zaidi viganjani, nyayoni, usoni na kwapani. Ziko tezi za aina nyingine kwapani na kinenani ambazo huamka wakati wa balehe. Jasho lake ni zito kidogo, na bakteria wa kwenye ngozi wakilila ndipo harufu inapotokea. Jasho lenyewe linapotoka mwilini halinuki. Kwa hiyo mtu anaweza kulowa chapachapa bila harufu yoyote, na mwingine akawa na harufu kali wakati kwapa lake ni karibu kavu. Matatizo hayo ni mawili na tiba zake hazifanani. Jiulize kwanza lako ni lipi.

Kama ni jasho jingi, angalia dalili hizi. Je, lilianza utotoni au wakati wa balehe? Linatoka pande zote mbili kwa usawa, viganja vyote, nyayo zote, makwapa yote? Linakauka ukilala usingizi? Kuna mzazi, shangazi au ndugu mwenye hali hiyo hiyo? Ukijibu ndiyo kwa mengi ya haya, na umekuwa na hali hii kwa zaidi ya miezi 6, basi kuna uwezekano mkubwa kwamba una jasho la kuzaliwa nalo: neva zinazoziamuru tezi zinafanya kazi kupita kiasi, ingawa tezi zenyewe ni nzima na mwili mzima hauna ugonjwa. Hofu na aibu huliongeza, lakini si chanzo chake. Mtu wa namna hii si mwoga wala si mchafu. Nalisema hili kwa nguvu kwa sababu watoto wengi wamekaripiwa waoge vizuri wakati walikuwa wasafi kuliko waliowakaripia.

Jasho la aina ya pili lina kitu nyuma yake. Huanza ukubwani, hufunika mwili mzima au upande mmoja tu, na mara nyingi huja usiku mtu akiwa amelala. Hapa usianze na majani ya chai. Anza na zahanati au kituo cha afya, hasa kama:

- unaamka shuka limelowa, unakohoa kwa wiki 2 au zaidi, unapungua uzito. Hiyo inaweza kuwa kifua kikuu, na kipimo pamoja na dawa zake hutolewa bure katika vituo vya serikali. Waliofanya kazi kwenye vumbi la machimbo, kama yale ya dhahabu ya Chunya, wasisubiri hata wiki hizo 2.
- jasho la usiku linaambatana na homa za mara kwa mara, tezi kuvimba shingoni au kwapani, kuharisha kusikoisha. Pima VVU. Njombe, Iringa na Mbeya ni mikoa yenye maambukizi mengi kuliko mingine nchini, na anayeanza dawa mapema huishi maisha yake kamili.
- moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, unakonda ilhali unakula vizuri, na joto dogo tu linakushinda. Tezi ya shingoni iitwayo thairoidi huenda inafanya kazi kupita kiasi. Goita haikuwa ngeni katika milima yetu, kwa sababu ya udongo wenye madini joto kidogo, na goita ya miaka mingi inaweza kugeuka na kuanza kumwaga homoni nyingi.
- umetoka Kyela au bonde la Usangu na sasa unatetemeka kwa baridi kisha unalowa jasho. Pima malaria siku hiyo hiyo, hata kama nyumbani kwako Mbeya mjini mbu ni wachache.
- jasho lilianza baada ya kuanza dawa fulani. Dawa za sonona na tramadol ni mfano. Usiziache mwenyewe, rudi kwa aliyekuandikia.

Hali tatu hazingoji hata kesho. Jasho la baridi pamoja na maumivu ya kifua yanayoshuka mkononi au kupanda shingoni ni dalili ya moyo. Mgonjwa wa kisukari anayetoka jasho ghafla, anatetemeka na kuongea ovyo huenda sukari yake imeshuka: kama anaweza kumeza mpe soda ya kawaida au maji yenye sukari, kisha mpeleke hospitali. Ya tatu inawahusu wakulima wetu wa nyanya wa Ilula na wa viazi wa Umalila, na haisemwi vya kutosha. Mtu aliyetoka kupuliza dawa ya wadudu akaanza kutoka jasho jingi, mate yakamjaa, macho yakaona ukungu, misuli ikachezacheza na kifua kikabana, hana uchovu wa kawaida. Huenda amepata sumu. Mvue nguo zote, mwoshe kwa maji mengi na sabuni huku wewe umevaa glavu au mifuko ya plastiki mikononi, mkimbize hospitali na beba chupa ya dawa ili daktari aisome. Usimpe maziwa na usimtapishe.

Hatua ya pili: andika kwa wiki mbili

Ukishajiridhisha kwamba hakuna ugonjwa, chukua daftari. Kila jioni andika saa jasho lilipozidi, ulikuwa wapi, ulikula nini, ulivaa nini, ulikuwa na hofu gani. Kisha jipe alama: 1 kama jasho halikukusumbua, 2 kama ulilivumilia, 3 kama lilikuvurugia shughuli mara kwa mara, 4 kama lilikushinda kabisa. Alama hizi ndizo utakazotumia baadaye kujua kama tiba inafanya kazi, maana akili ya mtu mwenye aibu haikumbuki siku njema.

Daftari litakuonyesha vichochezi vyako. Pilipili kali hutoa jasho la uso. Kahawa ya Mbozi ni tamu, sikatai, ila vikombe vitatu kabla ya saa nne asubuhi huamsha neva zile zile zinazoendesha tezi. Pombe hutanua mishipa ya damu karibu na ngozi, na ndiyo maana aliyekunywa ulanzi au komoni jioni huhisi joto tumboni kisha akalowa usiku. Punguza kimoja kimoja kwa siku kadhaa uone tofauti. Ukiacha vyote kwa pamoja hutajua kipi kilikuwa na kosa.

Hatua ya tatu: nguo na viatu vya nchi ya baridi

Watu wengi huku hulowa kwa sababu ya namna tunavyovaa. Asubuhi ya Mbeya ni kali, kwa hiyo tunavaa fulana ya nailoni, shati la poliesta, sweta na koti la mtumba. Saa tano jua la mlimani linachoma, mwili umeshapata joto, na zile nguo za ndani hazinyonyi unyevu. Jasho linabaki juu ya ngozi, kisha jioni baridi inarudi na unajikuta umevaa nguo mbichi.

Panga upya kuanzia ndani. Nguo inayogusa ngozi iwe ya pamba: fulana nyepesi ya mikono inayofunika kwapa, hata kama ni kuukuu. Juu yake ndipo uweke sweta, na liwe la kufungua mbele ili uweze kulivua bila kujivurugia. Mavazi mawili mepesi ni bora kuliko moja zito. Kwa wanaolowa kwapani, kata vipande vya kitambaa cha pamba kutoka shuka au khanga iliyochakaa, umbo la nusu duara lenye upana wa kiganja, shona tabaka mbili au tatu, kisha ushikize ndani ya shati kwa pini ndogo au nyuzi chache. Beba viwili vya akiba. Nguo zenye harufu isiyotoka ziloweke nusu saa kwenye maji yenye siki, kikombe kimoja kwa ndoo ndogo, kabla ya kufua kwa sabuni, halafu zianike juani zikiwa zimegeuzwa ndani nje.

Miguu ina kazi kubwa zaidi. Gambuti za shambani, yeboyebo za mpira, viatu vyeusi vya shule vya plastiki pamoja na soksi za nailoni: hivi vyote huupika mguu. Mguu uliolowa mchana kutwa huota fangasi katikati ya vidole, au ngozi ya kisigino na unyayo hupata vishimo vidogo vidogo kama imechomwa sindano, pamoja na harufu kali. Hivyo vishimo ni kazi ya bakteria, na havitibiwi kwa dawa ya fangasi peke yake. Mwonyeshe mhudumu wa afya.

Kila mtu wa miguu ya maji awe na jozi mbili za viatu avivae kwa kupokezana, kwa sababu kiatu huchukua karibu siku nzima kukauka, na wakati wa masika ya huku hata zaidi. Jaza gazeti ndani, toa soli ya ndani kama inatoka, kiweke mahali penye hewa karibu na jiko, si juu yake. Soksi ziwe za pamba au sufi, na mwanafunzi abebe jozi ya pili begini abadilishe mchana. Ukirudi nyumbani osha miguu, kausha katikati ya kila kidole, kisha tembea na ndala. Ni jambo dogo, lakini tiba inayofuata haitafaa kitu bila hili.

Hatua ya nne: majani ya chai kwa viganja na nyayo

Majani ya chai yana tanini, ile inayofanya chai ya rangi iliyokaa sana ikaushe ulimi. Tanini hushikana na protini za tabaka la juu la ngozi na kulikaza, matundu ya jasho yakabana kwa muda. Ngozi ya viganja na nyayo ni nene, kwa hiyo huvumilia tiba hii vizuri. Kwapani na usoni ngozi ni laini mno; huko usiitumie.

Huhitaji chai ya bei. Majani ya kawaida ya unga yanayotoka viwanda vya Rungwe au Mufindi yanatosha, na yale yaliyokaa kabatini mpaka yakapoteza harufu bado yana tanini yake.

Chemsha lita 1 ya maji, weka vijiko 3 vya chakula vya majani ya chai bila kujaza sana, kisha acha yachemke kwa moto mdogo dakika 10 hadi 15. Kwa chai ya kunywa hiyo ingekuwa kosa, ila hapa tunataka tanini itoke yote. Chuja. Mimina kwenye beseni, ongeza maji ya baridi kama lita 1 mpaka yawe vuguvugu, yale unayoweza kumwogeshea mtoto. Usiweke sukari, maziwa wala chumvi. Maziwa hasa huharibu kazi, maana protini yake huimaliza tanini kabla haijafika kwenye ngozi yako.

Osha mikono au miguu kwa sabuni, suuza, kisha loweka dakika 20 hadi 30. Kama ni miguu, maji yafike juu ya nyayo tu. Hakuna haja ya kufika kwenye vifundo. Toa, acha ikauke yenyewe au gusagusa kwa taulo la rangi nyeusi, kwa sababu taulo jeupe litabaki na madoa ya kahawia. Usioshe tena mpaka asubuhi. Wakati mzuri ni jioni kabla ya kulala.

Fanya hivyo kila siku kwa siku 10 hadi 14. Matokeo huja polepole: siku za kwanza hutaona kitu, na ndipo wengi wanapoacha. Daftari lako likianza kushuka kutoka alama 3 hadi 2, punguza iwe mara 2 au 3 kwa wiki na uendelee hivyo. Ukiacha kabisa, jasho litarudi, kwa kuwa neva zilizolianzisha hazijabadilika. Kama wiki 3 zimepita kwa utaratibu kamili bila tofauti yoyote, usizidishe majani. Tiba hii imekukataa, nenda kwenye hatua za hospitali.

Yako mambo ya kuangalia. Ngozi na kucha zitapata rangi kidogo ya kahawia, hutoka zenyewe. Tanini hukausha, na kuanzia Juni hadi Agosti upepo wa huku unapasua visigino vya watu hata bila tiba yoyote, kwa hiyo mwenye magaga apake mafuta mazito kwenye kisigino peke yake kila asubuhi, na aache unyayo mkavu. Mwenye pumu ya ngozi mikononi, vidonda, nyufa zinazotoa damu au fangasi walioamka asiloweke mpaka apone. Mgonjwa wa kisukari mwenye ganzi miguuni asitumie maji ya moto wala asiloweke muda mrefu. Awaone wahudumu wa kliniki yake kwanza.

Majani ya mpera yana tanini pia na yanaweza kutumika vivyo hivyo, konzi mbili za majani yaliyooshwa kwa lita 1 ya maji, ingawa nguvu yake hutofautiana mti kwa mti. Magome ya miti ya miwati ni habari nyingine. Njombe kuna kiwanda cha tanini ya miwati, na tanini hiyo hutengenezea ngozi za wanyama ziwe viatu na mikanda. Mtu akikuambia uchemshe magome hayo uloweke mikono, kataa. Ni makali, hayana kipimo, na yanaweza kukuunguza ngozi.

Hatua ya tano: shabu kwa makwapa

Kwa makwapa dawa ya asili ninayoiamini ni shabu, lile jiwe jeupe linalopitisha mwanga, linalouzwa kwenye maduka ya viungo na dawa za asili, na wengine hulitumia kusafishia maji ya tope. Oga, lowanisha jiwe, lipitishe taratibu kwapani mara nne au tano, acha pakauke dakika chache ndipo uvae. Suuza jiwe, likaushe, na kila mtu nyumbani awe na lake.

Shabu hubana ngozi kidogo na huwadhoofisha sana bakteria wa harufu. Kwa hiyo mwenye tatizo la harufu atafurahi kuliko mwenye tatizo la maji. Nayo ni chumvi ya aluminiamu, ndugu wa zile zilizomo kwenye vizuia jasho vya dukani ila dhaifu zaidi. Anayekimbia vizuia jasho kwa kuogopa aluminiamu akahamia kwenye shabu hajakimbia kitu. Hofu ya kwamba aluminiamu ya kwapani huleta saratani ya matiti imechunguzwa kwa miaka mingi na haijathibitishwa. Anayetakiwa kuwa mwangalifu kweli ni mgonjwa wa figo, amuulize daktari.

Nyoa au punguza nywele za kwapa, kwa kuwa hushika jasho na bakteria. Ila ukinyoa leo usipake shabu mpaka kesho kutwa, itakuwasha vibaya.

Usiku, hofu, na kukoma hedhi

Viganja husikiliza moyo. Dakika 5 kabla ya usaili, mtihani au kusimama mbele ya kanisa, kaa wima, vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi 4, itoe polepole ukihesabu hadi 6. Mazoezi haya hayafuti jasho la kuzaliwa nalo, lakini huzuia lile la nyongeza linalotokana na kuliogopa jasho lenyewe. Yafanye kila siku ukiwa huna hofu, ili mwili uyazoee.

Mama anayekaribia kukoma hedhi hupata wimbi la joto linalopanda kifuani hadi usoni, kisha jasho, kisha baridi. Alalie shuka la pamba, ajifunike mablanketi mawili mepesi anayoweza kuondoa moja moja, aache kahawa na pombe jioni. Likimvuruga usingizi kila usiku, hospitali zina dawa; asiambiwe avumilie kwa sababu ni umri.

Ulaya hutumia chai ya seji, mmea unaoitwa kitaalamu Salvia officinalis, kwa jasho jingi. Ukiipata dukani, kijiko 1 cha chai cha majani makavu kwa kikombe kimoja cha maji yaliyochemka kinatosha kwa siku, kwa wiki chache tu. Mjamzito, anayenyonyesha na mwenye kifafa asiinywe. Mafuta yake yasinywewe na mtu yeyote.

Usipunguze maji ya kunywa ukidhani jasho litapungua. Mwili utatoa jasho lile lile na utabaki na kichwa kuuma.

Vya kuachana navyo

Limao kwapani huunguza, na likipigwa na jua huacha mabaka meusi yanayokaa miezi. Magadi na hamira ya soda huvuruga uchachu wa kawaida wa ngozi na kuleta upele. Kitunguu saumu kibichi hutoa malengelenge. Mchanganyiko wa chupa unaouzwa stendi kwa ahadi ya kusafisha damu na kumaliza jasho siku 3 usinywe, maana hujui kilichomo, na ini lako ndilo litakalolipa. Krimu kali za kuchubua zina zebaki au dawa ambazo huacha ngozi nyembamba na mbovu kuliko ilivyokuwa.

Na kitu kimoja cha kuua: kuna mashine halali hospitalini zinazopitisha umeme mdogo sana kwenye maji uliyoloweka viganja, na husaidia. Usijaribu kuunda ya kwako kwa chaja, betri ya gari au waya wa ukutani.

Tiba za asili zikigota

Nenda kwanza duka la dawa, usome maandishi madogo nyuma ya chupa. Neno aluminium lisipokuwepo, hicho ni kizuia harufu, hakitapunguza maji. Lililo kali zaidi ni aluminiamu kloraidi, ambayo kwa makwapa huwa asilimia 10 hadi 20. Wengi huipaka asubuhi baada ya kuoga na kulalamika haifanyi kazi. Inapakwa usiku, kwenye ngozi kavu kabisa, kwa sababu usiku jasho limetulia na dawa hupata nafasi ya kuziba matundu, asubuhi unaosha. Fanya kila usiku hadi jasho lipungue, kwa kawaida wiki 1 au 2, halafu mara 1 au 2 kwa wiki. Ukipaka kwenye ngozi mbichi itakuchoma. Ikikuwasha pumzika siku mbili, rudi kwa kuruka usiku mmoja mmoja.

Kama alama zako bado ni 3 au 4 baada ya mwezi, omba rufaa. Kutoka zahanati unaweza kupelekwa hospitali ya wilaya, ya mkoa, na hatimaye Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya. Ulizia daktari wa ngozi. Huko kuna vidonge vinavyotuliza tezi, ambavyo hukausha kinywa na huleta kufunga choo, na kuna sindano za kwapa ambazo nguvu yake hudumu kama miezi 6, ingawa ni ghali na hazipatikani kila mahali. Upasuaji wa kukata neva za kifuani uwe wa mwisho kabisa, kwa sababu wengi waliofanyiwa hubaki na jasho jipya mgongoni na tumboni, na halirudi nyuma.

Ukienda beba lile daftari. Mwambie daktari lilianza umri gani, linatoka wapi, kama linakauka usingizini, nani mwingine nyumbani analo, na dawa zote unazotumia pamoja na za asili. Kama mgonjwa ni mwanafunzi, mzazi amwone mwalimu wa darasa kabla ya muhula kuanza na aombe mambo matatu: mtoto aruhusiwe kuwa na leso au karatasi ya kufutia mezani, abadilishe soksi mchana, na asiitwe mbele ya wenzake kuulizwa kwa nini amelowa.